Anayelinda naye apate: maneno niliyosema Wete

Hii ni hotuba niliyoitoa Wete, Pemba, mbele ya kamati za wavuvi, masheha na vijana wa skuli. Wengi mlikuwa dago (kambi za uvuvi) au mko Unguja na Dar, mmenitumia meseji mkiomba niiandike yote, basi nimeiandika kama nilivyoisema, picha zilizokuwa ukutani nimeziacha.

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, mama zangu, masheha wetu, ndugu zangu wavuvi, na nyinyi vijana mliojibana huko mlangoni (sogeeni jamani, viti vya mbele vipo), nashukuru sana mmekuja. Nimetakiwa nizungumze juu ya uchumi na mazingira na najua wengi wetu tukisikia uchumi tunafikiria benki na bajeti ya serikali. Leo benki tuziache. Mimi nataka tuulizane suali moja tu. Mtu anapoacha kukata mkoko, anapomwacha pweza mdogo kwenye tundu lake, anapoacha kumpiga popo, yeye anapata nini? Na yule aliyekata, aliyechukua, aliyepiga, anapata nini? Ukishajua majibu ya hayo mawili, wallahi unajua msitu ule utabaki au utaondoka hata kama hujaenda kuutazama.

Nianze na kitu ambacho sisi Wapemba tunakijua kuliko watu wote. Karafuu.

Wazee mliopo hapa mnakumbuka magendo. Karafuu mnunuzi wake alikuwa mmoja tu, ZSTC, shirika la serikali, na bei ni ile inayopangwa, wakati ng'ambo ya pili kule Kenya bei iko juu, sasa mtu ana magunia yake makavu ndani ya nyumba, watoto wanataka viatu na Idi imekaribia, atafanya nini? Usiku wa kiza, mashua, Shimoni, Mombasa. Serikali ikaweka doria baharini, ikaweka vizuizi njiani, watu wakakamatwa, karafuu zikataifishwa. Je, magendo yaliisha? Hayakuisha! Na mikarafuu yenyewe ilikuwaje? Iliachwa, magugu yakaisonga, mingine ikaishia kwenye tanuri la makaa, mana mti usiokupa kitu utaupalilia kwa moyo gani?

Halafu 2011 ikaamuliwa mkulima alipwe asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Doria zilikuwepo na ziliendelea kuwepo, hilo tusilifiche, lakini mliona wenyewe ile tofauti, watu wakawa wanabeba magunia mchana kweupe kupeleka kituoni, mashamba yakafyekwa, miche ikatafutwa. Waliokuwa wakivusha usiku na waliokwenda kituoni mchana ni watu wale wale. Dini yao ile ile, mapenzi yao kwa nchi yao yale yale. Bei ndo iliyobadilika. Kwahiyo kila nikisikia mtu anasema ati watu wetu hawana elimu ya mazingira ndo mana wanaharibu, mimi hukumbuka karafuu. Watu wetu wanajua kupiga hesabu vizuri sana. Tuiangalie hesabu tunayowawekea mbele yao.

Sasa tushuke pwani, na hapa nitakaa kidogo kwasababu wengi wenu ndo riziki yenu.

Mkarafuu una mwenyewe. Pweza je? Pweza hana mwenyewe mpaka ameshavuliwa. Mama amekwenda mwambani maji yamekupwa, amemwona pweza mdogo ndani ya tundu, mdogo kweli kweli, anajua fika kwamba akimwacha atakua. Lakini akimwacha, nani atakayemchukua kesho? Yeye? Au yule anayekuja nyuma yake na kijiti mkononi? Basi anamchokoa, anamtia kikapuni, na wala huwezi kumlaumu. Mwaka 1968 mtaalamu mmoja wa Marekani, Garrett Hardin, aliandika makala kuhusu jambo hili, yeye alitoa mfano wa malisho ya ng'ombe, akasema kitu cha wote lazima kitamalizwa, na dawa ni mbili tu, ama serikali ikitie mkononi ama kigawiwe watu binafsi. Maneno yale yakashika dunia nzima, na nchi nyingi zikawanyang'anya wanavijiji misitu na bahari zao kwa kuyategemea.

Akaja mama mmoja, Elinor Ostrom, Mmarekani pia, akasema hebu kwanza tuende tukawaangalie watu wenyewe. Akakusanya habari za wakulima na wavuvi wa nchi nyingi na akaona mambo mengine kabisa. Mfano wake mmoja ninaoupenda ni wa wavuvi wa Alanya, Uturuki. Walikuwa wavuvi kama 100, na pahala pazuri pa kuvulia palikuwa pakigombewa mpaka watu wanapigana. Wakakaa wenyewe, wakayapa majina maeneo yote ya kutegea nyavu, kila mwezi wa tisa wanapiga kura nani anaanza wapi, halafu kila siku kila mmoja anahamia eneo la pili yake, akitoka hapo anakwenda linalofuata, mpaka kila mtu amelipata zuri na amelipata baya. Na mlinzi alikuwa nani? Hapana askari. Siku yako ya kuwa pahala pazuri huwezi kuchelewa, utafika alfajiri, na ukimkuta mwenzio hapo hutonyamaza, na wenzako watakuunga mkono mana kesho ni zamu yao. Umeona hapo? Kanuni imetengenezwa mpaka mwenye kufaidika ndiye mwenye kulinda. Mama Ostrom alipewa tuzo ya Nobel ya uchumi 2009, mwanamke wa kwanza kuipata tuzo hiyo, na kwa maoni yangu kazi yake ingefaa kusomeshwa katika kila skuli ya mwambao huu.

Turudi kwa pweza. Pweza ana jambo lake ambalo Mwenyezi Mungu amempa. Anaishi mwaka mmoja na zaidi kidogo, lakini akiwa mdogo uzito wake unaweza kuongezeka mara mbili ndani ya mwezi mmoja hivi. Hakuna benki ya Chake wala ya Unguja itakayokupa faida hiyo, na hii haina riba ndani yake! Jike hutaga mara moja tu katika umri wake, hukaa kulinda mayai bila kula, yakishaanguliwa naye hufa. Ukimchukua kabla hajataga umechukua yeye na kizazi chake.

Kijiji cha Andavadoaka, Madagascar, walilifanyia kazi jambo hili mwaka 2004. Walifunga mwamba wao mmoja kwa miezi kama saba, wakisaidiwa na shirika la Blue Ventures, wakafungua, na vijiji jirani walipoona wakaanza kufunga na wao. Baadae watafiti walikaa wakahesabu matokeo ya miaka minane ya kufunga na kufungua, wakakuta ndani ya siku 30 baada ya kufungua, kipato cha uvuvi cha kijiji kiliongezeka maradufu. Na hapa kwetu hamhitaji kwenda Madagascar, nendeni Kisiwa Panza, kule Mkoani, kamati yao wakishirikiana na shirika la Mwambao wamefunga na kufungua miamba yao, na Unguja kuna Kizimkazi.

Kama hujawahi kuona siku ya kufungua mwamba nakuambia nenda ukaone. Huwa ni bamvua kubwa, maji yanakupwa mpaka mbali, watu wamesimama ukingoni wanasubiri ruhusa, kina mama wamefunga kanga kiunoni na makubadhi ya mpira miguuni, mizani imetundikwa chini ya mti, mnunuzi keshafika na barafu. Ikitolewa ruhusa ni mbio. Anarudi mtu amebeba pweza mmoja tu na mkono umemchoka, mikia inaburura mchangani, wino umemwagika mpaka kwenye nguo. Watoto wanamfuata. Siku hiyo hakuna anayehitaji semina.

Lakini sikilizeni na upande wa pili, na naomba kamati mnisikilize vizuri hapa. Mwamba ukifungwa miezi mitatu, aliyeacha kula pweza wake ni nani? Ni mama wa kwenda kwa miguu. Mzamiaji mwenye miwani na mkuki na mashua ya mashine, mwamba huu ukifungwa yeye huenda mwengine. Mama hana mashua, mwamba wake ni ule ule wa mbele ya kijiji. Halafu siku ya kufungua mashua zinatoka vijiji vingine, vijana wanazama, asubuhi moja wameshasomba kila kitu, yule mama aliyesubiri miezi mitatu anaondoka na wawili watatu. Mara ijayo mkimwambia tufunge, atakubali? Kwa nini akubali? Mimi napendekeza siku mbili za mwanzo ziwe za wanaotembea kwa miguu na wa shehia ile tu, halafu ndo wazamiaji waingie, na wageni walipe ada ya kijiji. Najua pana watakaonuna. Wanune, kwasababu bila ya huyu mama hapana mwamba utakaofungwa mara ya pili na ya tatu.

Nipite haraka kwenye takataka. Nendeni pwani yoyote leo, Wete bandarini, Mkoani, Tumbe, mtaokota chupa za maji za plastiki mpaka mchoke. Chupa ya soda ya kioo mtaiona? Ni nadra sana. Kwa nini? Watu wanaotupa ni wale wale! Lakini ya kioo muuzaji anakwambia lete chupa au acha pesa, kwahiyo hata ukiitupa, mtoto ataiokota airudishe dukani. Wajerumani kuanzia 2003 wameweka utaratibu huo huo kwenye makopo na chupa za plastiki za kutumika mara moja, senti 25 kila moja, na karibu zote zinarudi. Ireland mwaka 2002 waliweka senti 15 tu kwenye mfuko wa plastiki na matumizi yakaanguka kwa zaidi ya asilimia 90. Sisi Zanzibar tulishapiga marufuku mifuko tangu 2006, Bara wamefuata 2019, kwahiyo si watu wa nyuma katika mambo haya. Chupa za maji zinazoingia visiwani zina waletaji na wauzaji wanaojulikana, na nyingi zinanunuliwa na mahoteli. Tozo ya kurudishwa ikiwekwa bandarini au kiwandani, mtoto wa Tumbe ataisafisha pwani kwa hiari yake na atapata pesa ya daftari.

Sasa msije mkadhani nasema weka pesa na kila kitu kitakaa sawa. Hapana. Pesa ikiwekwa vibaya inaharibu zaidi.

Hanoi, Vietnam, mwaka 1902, Wafaransa walikuwa wanatawala na mji umejaa panya, wakasema kila atakayeleta mkia wa panya atalipwa. Mikia ikaja kwa maelfu. Panya wakapungua? Watu walikuwa wanakata mkia wanamwachia panya akazaane, na wengine wakaanza kuwafuga. Walilipia mkia, wakapata mikia. Na sisi tunaye kunguru. Kunguru huyu si wa kwetu, aliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 wakati wa Waingereza, ati ale taka za mji. Taka zipo mpaka leo, na kunguru amekula makinda na mayai ya ndege wetu na vifaranga vya kuku wa kila mama aliyekaa hapa. Kabla hujaanzisha jambo kaa uwaulize wanaoishi pahala pale litakwendaje.

Na jambo jengine ni ahadi. Ndugu zangu, ahadi ni deni. Kati ya 2010 na 2014 tulikuwa na mradi wa misitu wa HIMA, kwa msaada wa Norway, shehia nyingi Unguja na Pemba zikatia saini mikataba ya COFMA, yaani ya jamii na serikali ya kutunza misitu yao, kamati zikaundwa, mipaka ikachorwa, na hiyo ni kazi kubwa na nzuri ambayo faida yake ipo mpaka leo. Lakini watu waliambiwa pia kuna pesa za kaboni, yaani malipo kwa msitu kuvuta hewa ya ukaa, zitakuja kutoka nje, na pesa zile hazikuja kama walivyotarajia. Mtu ameacha kukata kuni, ameacha kuchoma makaa, mwaka wa kwanza anasubiri, wa pili anasubiri. Unamwambia nini?

Angalieni Costa Rica. Msitu wao ulikatwa mpaka miaka ya 80 ukabaki kama robo ya nchi, leo umerudi na umepita nusu. Waliweka sheria 1996, na kuanzia 1997 mwenye ardhi akitunza msitu analipwa na mfuko wa taifa. Zipo na sababu nyengine, bei ya nyama ya ng'ombe ilianguka, utalii ukakua, lakini mimi ninachotaka mkione ni pesa inatoka wapi. Inatoka kwenye kodi ya mafuta ya gari ya kwao wenyewe. Hawakukaa kumsubiri mnunuzi wa mbali abadilishe mawazo. Na sisi tuna watalii wanaokuja kwa laki kadhaa kila mwaka kuangalia bahari hii hii. Uchumi wa buluu tunaoutangaza kila siku, fungu la anayeilinda bahari limo wapi ndani yake? Liandikwe kwenye sheria na liwe na asilimia yake inayojulikana.

Na tunajua inawezekana kwasababu imeshafanyika hapa hapa. Popo wa Pemba, hapatikani pahala pengine duniani, mwishoni mwa miaka ya 80 alikuwa amebaki mamia tu, tulikuwa tunamla, msitu unakatwa. Zikaundwa klabu za popo vijijini. Kidike wakaweka kiingilio kwa wageni, pesa ikawa inaonekana kijijini. Leo wamepindukia 20,000. Na kuna walionusurika kwenye miti ya makaburi ambayo wazee wetu hawakuruhusu ikatwe, nitalirejea hilo. Jozani, Unguja, kima punju, wale kima wekundu, walikuwa maadui wa mkulima, wanakula mazao yake hata matunda mabichi ya minazi, sasa sehemu ya kiingilio cha hifadhi inarudi vijijini na mkulima aliyeliwa mazao yake anapewa fidia. Kulalamika kwamba fidia ni ndogo kupo na mimi naona wana haki, lakini angalau hesabu imekaa upande wa kima kubaki hai.

La mwisho, na hili nalisema mbele ya mashekhe wetu kwa heshima. Pana kitu pesa haiwezi kufanya. Wanauchumi wawili, Gneezy na Rustichini, walichapisha 2000 utafiti wa vituo vya kulelea watoto mjini Haifa. Wazazi walikuwa wakichelewa kuchukua watoto, vituo vikaweka faini. Kuchelewa kukaongezeka, kukawa kama mara mbili! Mwanzo mzazi akichelewa alikuwa anaona haya mbele ya mwalimu, sasa akaona amelipa, hana deni. Na faini ilipoondolewa, haya haikurudi. Si ndo faini ya juya hiyo? Mtu anakamatwa na nyavu za kukokota, analipa, jioni yupo baharini tena, na hata salamu anawapa wa doria, mana kwake yeye ile ni bei ya kuvulia.

Kisiwa cha Misali, hapa Pemba, wazee walikuwa na kitu chengine. Mnaijua ile hadithi, Nabii Hadhara alifika akaomba msala wa kusalia, hawakuwa nao, akasema basi kisiwa hiki kinaelekea kibla, kitakuwa ndo msala wangu. Kisiwa kilitangazwa hifadhi 1998, na miaka ile baruti na nyavu mbaya zilikuwa tatizo kubwa, na kanuni za serikali peke yake hazikuwafika wavuvi. Walipokuja mashekhe wakishirikiana na IFEES, taasisi ya Kiislamu ya mazingira ya Uingereza, kusomesha kwamba bahari ni amana, kwamba israfu imekatazwa kwenye Qur'ani, wavuvi walisikiliza kwa namna ambayo bango la serikali halikusikilizwa. Ndo ile miti ya makaburini. Hakuna aliyelipwa kuilinda. Kwahiyo naomba pesa na imani visipingane, faini iende pamoja na mtu kusimama mbele ya kijiji chake, na ikiwezekana imamu awe kwenye kamati.

Kwahiyo, kamati, kabla ya msimu ujao nataka mfanye mambo haya. Wekeni daftari la mapato ya siku ya kufungua mwamba, libandikwe dikoni, pale samaki wanaposhushwa, kwenye ukuta, kila mtu asome kilichoingia na kilikokwenda. Andikeni kanuni ya siku mbili za wanaotembea kwa miguu. Na kila kamati iwe na wanawake wanaokwenda mwambani wenyewe, si mke wa fulani aliyewekwa kujaza nafasi.

Mimi nimesema vya kutosha. Mama yangu pale mwenye kanga ya njano ameinua mkono tangu nilipotaja wazamiaji, apelekewe maikrofoni yeye kwanza.